Kichwa cha Matilda Kina Mwenyewe

Jumapili ile padre alipopanda altareni kwetu alikuta vipara. Wanaume walikuwa wamepakata kofia zao magotini, wanawake wamefunga vitambaa mpaka kwenye nyusi, na kwa joto la huku ziwani uliweza kuona jasho likiwachuruzika shingoni. Hata katekista wetu Nicholaus, aliyekuwa amesimama kando ya padre kumshikia kitabu, kichwa chake kilikuwa kinang'aa. Hafidha mwenye duka la njia panda aliniambia wiki ile aliuza vitambaa mpaka akaishiwa. Yeye Mwislamu wa watu, mambo ya koo zetu hayamhusu, akawa anauliza kama Wakristo tumepata sikukuu mpya. Nilimwambia ndiyo, tuna sikukuu ya woga.

Walikuwa wametoka kunyolewa. Asiyejua mambo ya kwetu nimweleze. Vifo vikizidi katika ukoo, na watu wakianza kutazamana vibaya, ukoo mzima hukodi gari na kwenda kwa mganga, mbali, safari ya kutwa nzima. Huko wote hunyolewa vichwa, wazee kwa vijana, kisha hunyweshwa dawa. Inasemwa aliyenyolewa hawezi kuroga tena. Akijaribu, dawa inamgeukia yeye. Na asiye mchawi hapotezi kitu ila nywele. Kwa hiyo anayekataa kwenda anakuwa amejitaja, hata kama hajafungua mdomo.

Katika ukoo ule alikataa mtu mmoja tu, Matilda. Siku ile alikaa benchi la mbele upande wa wanawake, kichwa wazi, nywele zake zenye mvi amezisuka twende kilioni. Padre alifoka mpaka sauti ikamkauka. Akasema waliokwenda kule wasisogee kwenye Komunyo mpaka watubu. Wakati wa Komunyo ulipofika, Matilda aliinuka peke yake katika ukoo wake wote, akatembea hadi mbele, akapokea, akarudi. Niliona macho yaliyokuwa yakimfuata, na yalinitisha.

Hao wengine walitubu wiki iliyofuata. Padre angefanya nini? Walikuwa wengi mno, angewafungia nje angebaki kusali na popo wa darini. Wakaungama, wakanyunyiziwa maji ya baraka, wakarudishwa. Kwa hiyo wao wakawa wamelindwa na mganga na wamesamehewa na Kanisa, na Matilda aliyekaa na Mungu wake akawa hana hata wa kumwambia "umeamkaje". Ninaandika haya nikiwa na hasira, na sina haja ya kuificha.

Mimi si wa ukoo ule, ila na Matilda tulipakana ua. Alizaliwa Namswea, huko juu milimani, kwenye kahawa na baridi ya Juni. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na msibani ndugu wakaanza kugawana watoto, huyu aende kwa shangazi, yule kwa baba mkubwa. Baba yake, mzee Ignatio, alisimama akawaambia, "Watoto hawa wana mwenyewe." Matilda alidhani anajisema yeye baba. Haukupita muda mrefu baba naye akafa, na ndugu wakawagawana watoto kweli. Hapo ndipo alipoelewa, aliniambia, kwamba baba alikuwa anamsema mwingine.

Neno hilo akalishika maisha yake yote. Kwetu mbuzi akiingia shambani kwa watu, huulizwa kwanza kama ana mwenyewe, maana mbuzi mwenye mwenyewe hapigwi ovyo. Matilda alijihesabu hivyo. Alikuwa na mwenyewe. Aliposali hakusali kwa maneno ya kitabuni. Alisema na Mungu kwa sauti, kwa Kimatengo, lugha ya kwao, akiwa shambani, na mara nyingi alikuwa anamgombeza, kama mwanamke anavyomgombeza mume aliyechelewa kurudi na chakula kinapoa. Nilimsikia kutoka kwangu. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Aliletwa huku ziwani na Kilian, kijana wa hapa aliyekuwa akipandisha samaki wakavu kwenda kuuza Mbinga. Joto lilimsumbua, ugali wa muhogo ulimsumbua, usipa, dagaa wetu wa ziwani, alijifunza kuwala taratibu. Walizaa watoto kadhaa, akabaki mmoja, Scholastica. Halafu Kilian naye akaugua kifua akafa. Matilda hakurudi kwao. Alipanda kwenye mteremko ule nyuma ya kijiji, ambao watu wa hapa waliuacha kwa kuwa mvua huuchuna udongo, akaanza kulima ngolo.

Ngolo ni kilimo cha Wamatengo. Majani hufyekwa mlimani, yakalazwa mistari ya kushuka na ya kukatiza mpaka yafanye miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa ukafunika majani hayo. Panabaki shimo, na tuta limelizunguka. Mvua ikija maji yanalala shimoni, udongo hauendi, na maharage yanakaa juu ya tuta yakinawiri. Kwao mwanamume hufyeka na kulaza majani, mwanamke huchimba. Matilda, mjane, alifanya kazi ya wote wawili. Shimo la kwanza kabisa, la juu kushoto, aliliita shimo la Mwenyewe. Maharage ya kuzunguka shimo lile hakuyala. Yalikwenda kanisani siku ya mavuno.

Watu walimtania miaka yote. "Mama Skola, unachimba makaburi ya panya?" Naye anajibu, "Njooni mjipime." Tunacheka. Kila mtu alijua mashimo yale ni ya nini, maana wengi tuliyala maharage yake.

Kisha Romanus akafiwa. Romanus ni kaka yake Kilian, ndiye mkubwa wa ukoo, mtu wa kwaya, mtu mwema. Kijana wake wa kwanza alianguka na bodaboda kwenye kona za kushuka kutoka Mbinga. Msimu wa kilimo uliofuata, wa pili akavimba tumbo, wakampeleka hospitali, wakamrudisha amefunikwa. Matilda aliosha vyombo kwenye misiba yote miwili. Lakini vifo vyote viwili vilitokea mwezi wa Machi, na Machi ndio mwezi wa kuchimba ngolo, na mtu fulani, simjui ni nani na nashukuru simjui, akasema: yule mwanamke wa milimani kila akichimba, mtu anakufa. Basi. Watu walewale waliojua mashimo yale ni ya maharage wakajua kitu kingine.

Romanus alikuja mwenyewe kumwambia habari ya safari. Mimi nilikuwepo, tulikuwa tunamenya muhogo uani kwa Matilda.

"Shemeji, hatujamtaja mtu," alisema. "Tunakwenda wote. Hata mimi na uzee huu nakwenda kukinga kichwa. Tukirudi, kila mtu atalala usingizi."

"Nendeni salama, shemeji. Nitawaangalizia kuku wenu."

"Na wewe unakwenda."

"Mimi siendi. Kichwa changu kilimwagiwa maji Namswea nikiwa mchanga. Kina mwenyewe."

Romanus akapandisha sauti. "Sote tulibatizwa, shemeji! Na wanangu walibatizwa, na wako wapi?"

Akaanza kulia, mzee mzima, mikono imelegea pembeni. Matilda aliweka kisu chini, akamsogelea. "Ukitaka tulie, tutalia pamoja," alimwambia. "Ukitaka tufunge, tutafunga. Lakini nikienda kukinga kichwa kule, nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba hatoshi. Nikishamwambia hivyo, kesho nikiwa na shida nitamwomba nani?"

Romanus alijifuta uso, akaondoka bila kuaga. Nilimhurumia, nasema kweli. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea kwenye uchungu wake, na yule mwanamke amesimama mlangoni.

Baadaye akaja katekista Nicholaus, mpole, anakohoakohoa. Alikuwa anakwenda na yeye, kwa kuwa mkewe ni wa ukoo ule. "Mama Skola, nywele zinaota," alisema. "Mungu anatazama moyo."

"Moyo na kichwa vyangu vinalala kitanda kimoja, katekista."

Nicholaus akacheka kidogo, akaniangalia mimi kama vile nimsaidie. Sikumsaidia.

Walipokwisha kurudi na vipara vyao, ndipo kijiji kilipomfungia Matilda. Sala za jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba. Ya kwake ikawa inarukwa. Akifika kisimani wanawake wanakumbuka ghafla kwamba wameacha vyungu jikoni. Alivumilia. Shambani nikawa namsikia anamgombeza Mungu wake zaidi kuliko zamani. Lakini alikuwa bado hajaguswa mahali penyewe.

Scholastica alikuwa ameolewa hapahapa kijijini, na kijana aitwaye Goodluck, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Siku moja mama mkwe wake alimleta, amembebea begi lake kichwani, akaliweka chini mlangoni kwa Matilda. Alisema kwa adabu kabisa. "Mama Skola, hatumfukuzi mtoto. Tunampenda. Lakini mjukuu wetu hawezi kuzaliwa na jambo hili halijaisha. Siku wewe ukinyolewa, siku hiyohiyo nakuja kumchukua."

Akaondoka, na kuanzia hapo ndani ya nyumba ile hapakuwa na amani. Scholastica alimwomba mama yake kwa upole, kisha kwa machozi, kisha kwa matusi ambayo sijawahi kusikia mtoto akimtolea mzazi. Siku hiyo ya matusi nilikuwa uani kwangu, nisingeweza kuacha kusikia.

"Unampenda Mungu wako kuliko mimi!"

"Sijui kuwapima hivyo," Matilda alisema.

"Nywele, mama! Nywele tu! Nitazaa mtoto asiye na baba kwa ajili ya nywele!"

Hapo Matilda naye akakasirika, na hasira ilimtoa neno ambalo baadaye lilimrudia. Alisema, "Anayekwenda kule amejitoa mwenyewe mkononi mwa Mungu. Usiniombe nitoke. Nikitoka nitaangukia wapi?"

Asubuhi yake Scholastica hakuwepo. Kulikuwa na gari la watu wa kijiji cha jirani waliokuwa wanakwenda kwa mganga yuleyule, na yeye akapanda nalo. Alifikiri akinyolewa yeye, wakwe watalegeza. Alirudi kipara, macho yamemwingia ndani, midomo imekauka. Dawa walimnywesha kama walivyowanywesha wengine, kibuyu kizima, na hakuna aliyeuliza habari za tumbo lake. Alipitia kwa wakwe kwanza. Mama Goodluck alimtazama kichwa, akasema vizuri, wewe umenyolewa. Mama yako je?

Basi akaja kwa mama yake, kwa kuwa hakuwa na pengine. Alitapika siku zile, hakushika chakula. Kisha maumivu yakaanza, na mtoto alikuwa hajafikisha miezi. Nilimtuma mtu akaite bodaboda na nesi, lakini mtoto hakungoja. Tulimpokea sisi, mimi na Matilda, mchana kweupe, ziwa linaonekana mlangoni limetulia, watoto wa watu wanacheza mpira ufukweni.

Alikuwa wa kike, mdogo, na alikuwa na nywele. Nyingi, nyeusi, zimelowa. Alipumua kwa shida, kifua kinaingia ndani kila mara. Matilda hakupoteza muda. Alichota maji kwenye ndoo kwa kikombe cha plastiki, akamshika mtoto kwa mkono wa kushoto, akammwagia kichwani taratibu na kusema yale maneno ambayo kila Mkatoliki hufundishwa ayaseme mtoto akiwa hatarini na padre hayupo. Alimwita Beatha, jina la mama yake aliyemwacha mdogo. Mtoto aliishi kidogo tu baada ya hapo. Nilikuwa nimeinjika maji nikamkande mzazi, na yalipochemka mtoto alikuwa amekwisha kwenda.

Scholastica alikuwa amegeukia ukutani. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa amesikia yote.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Huyu sasa ni wa Mungu?"

"Ni wa Mungu."

"Na mimi?"

Matilda alifungua mdomo. Mimi niliyemjua miaka yote, sijapata kumwona akikosa neno la kusema juu ya Mungu, siku ile nilimwona. Lile neno alilolitoa kwa hasira lilikuwa limekaa katikati yao, na wote wawili walilikumbuka. Alibaki amesimama, kikombe mkononi, maji yanamdondokea miguuni. Kisha akatoka nje.

Kwetu kichanga hakiwekewi msiba. Wanaume hawaji, wanawake humchukua kimya wakamzika, na hakuna matanga. Lakini wanawake huja wengi, hata kwa kimya hicho. Sisi tulikwenda wawili. Nilidhani tutachimba chini ya migomba, nyuma ya nyumba, lakini Matilda alipanda shambani, mimi namfuata na jembe, mpaka juu kushoto, kwenye shimo la Mwenyewe.

"Watasema, Mama Skola," nilimwambia. "Walishasema mashimo yako ni makaburi."

"Wameshasema," alijibu. "Chimba upande huo."

Tulizidisha kina. Alimlaza mwenyewe. Alipofukia hakuomba kwa kitabu wala kwa rozari. Aliongea kwa Kimatengo, nami nakielewa kiasi tu, lakini maneno haya niliyaelewa: "Nimechoka na wewe. Kama ningekuwa na mwingine wa kumwendea, leo ningekwenda kwake. Sina. Mshike huyu vizuri."

Tuliporudi alinituma kwa Hafidha, nikanunue wembe. Nikaleta. Akakaa kwenye kigoda uani, akafumua nywele zake. "Ninyoe."

"Kwa msiba wa kichanga watu hawanyoi."

"Huyu alikuwa na jina. Ninyoe, Mama Gaudence."

Nilimnyoa. Mvi zilianguka kwenye khanga niliyomtandikia, na kichwa chake kikatoka kidogo kuliko nilivyotazamia, na kovu la zamani nyuma ya sikio ambalo sikuwahi kulijua. Alipomaliza kujifuta aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, akauchukua mkono wa Scholastica akauweka juu ya kichwa chake kilichotoka kunyolewa. Scholastica alipapasa. Nilitoka nikawaacha.

Jioni ileile nesi alisema damu ya mzazi haikati, apelekwe Mbinga. Wakapanda gari la alfajiri, mama na binti, wamejitanda khanga. Walikaa huko hospitalini wiki kadhaa. Waliporudi walishuka kituoni mchana, khanga zimeteleza mabegani, vipara viwili.

Unajua watu walivyofikiri. Matilda ameondoka alfajiri kimya na binti yake, nesi hakuulizwa na mtu, amekaa huko wiki kadhaa, amerudi amenyolewa. Habari ilifika ziwani kabla wao hawajafika nyumbani: hatimaye amekwenda. Kabla ya magharibi Mama Goodluck alikuwa uani na sinia la usipa wabichi, anacheka, anamkumbatia Scholastica, anasema pole ya mtoto, kesho nakuja kukuchukua, mwanangu. Walio nyuma yake wakaleta unga, mmoja akaleta kuku. Sijawahi kuuona ua wa Matilda umejaa hivyo tangu azike mumewe.

Romanus alikuja wa mwisho. Alivua kofia. "Shemeji," alisema, "nakushukuru. Leo nitalala."

Nilimwona Matilda akivuta pumzi aseme. Nyuma yake mlangoni alikuwa amesimama Scholastica, ameshika fremu kwa mikono yote miwili, mwembamba kuliko alivyokuwa msichana. Matilda hakugeuka kumtazama. Nadhani alimhisi tu. Ile pumzi akaitoa.

"Karibu ukae, shemeji," alisema.

Wageni walipoondoka nilimvamia. Nilimwambia umepigana vita yote ile, umetengwa, umezika mjukuu, halafu leo unawaachia waamini mganga amekushinda! Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Nikiwaambia sikwenda, watasema basi dawa ilimkamata Skola. Amenyolewa yeye, ameharibikiwa yeye. Watamwita mchawi yeye, na hatarudi kwa mumewe. Sasa hivi wanasema jambo limekwisha. Acha liwe limekwisha."

"Na wewe?"

"Mimi nina mwenyewe. Huyo hakuwa kituoni akadanganywa na kipara changu."

Hilo aliliweza. Lililofuata lilikuwa gumu zaidi.

Padre alikuja tena Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima. Nicholaus alikuwa amemweleza habari za kigango, na nina hakika alieleza kwa nia njema. Yeye daima ana nia njema. Baada ya mahubiri padre aliegemea altare. "Nimeambiwa," alisema, "kwamba wako wawili waliokwenda kule baada ya mimi kukataza. Wale wa kwanza walisema hawakujua uzito wake. Hawa walijua. Wasije Komunyo leo, wala Jumapili zijazo, mpaka watimize kitubio nitakachowapa. Nasema kwa uchungu." Na kweli alikuwa na uchungu, nilimwona. Hakutaja majina. Vichwa vyote kanisani viligeukia benchi letu, na siku hiyo vyote vilikuwa na nywele.

Damu ilinipanda. Nilianza kuinuka, nimeshafungua mdomo, na Matilda akanivuta khanga kwa nguvu mpaka nikaketi.

"Hukwenda!" nilimnong'oneza. "Mimi ndiye niliyekunyoa. Nitasema."

"Kaa, Mama Gaudence."

Scholastica alikuwa upande wake wa pili. Wakwe zake walikuwa wamemruhusu asali na mama yake siku ile. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia mdomoni. "Mama, nenda," alisema. "Mwambie padre ukweli. Wakinirudisha nyumbani si kitu. Nenda ukapokee."

Watu walikuwa wameanza kupanga mstari. Matilda alitazama mbele, kule alikokwenda peke yake ile Jumapili nyingine. Nilijua njaa aliyokuwa nayo. Mtu asiyejua anaweza kudhani ni jambo dogo, kukosa kipande kile. Mwanamke yule alikuwa amepoteza wazazi, mume, watoto, mjukuu na kijiji, na kipande kile ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kunyang'anywa.

"Siku ile uliniuliza kama na wewe bado ni wake," alimwambia binti yake. "Sikujua kukujibu. Mpaka leo sijui kusema. Nakaa hapa ulipo. Akija kukutafuta atatukuta wote wawili."

"Na asipokuja?"

Matilda alimchukua Scholastica mkono, akaufunika kwa mikono yake miwili iliyopasuka kwa jembe.

"Tutamngoja," alisema.

Mstari ulipita mbele yetu, Nicholaus, Mama Goodluck, Romanus na nywele zake zilizoota vizuri, wameinamisha vichwa na kufumbata mikono. Mimi hakuna aliyenizuia, lakini siku ile sikwenda.